Mraba Ulionipeleka Tanga

Alhamisi

Basi limeondoka Mbezi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkobani nina daftari la hesabu lenye visanduku, penseli tatu, kifutio, na mraba mmoja ulioninyima usingizi kwa wiki sita. Namfuata Mwalimu wangu wa Kiswahili, Ngamiani, Tanga. Ndiye aliyenifundisha kujaza chemshabongo ya gazeti nilipokuwa kidato cha pili. Sasa nina miaka tisa natunga za kwangu.

Nieleze shida yangu, maana safari nzima imetokana nayo. Chemshabongo zetu nyingi za magazetini zimekaa kama matawi ya mti: neno linagusa jingine mara moja au mbili, kisha panapakwa weusi. Ukikosa jibu, hakuna neno jirani la kukusaidia. Wamarekani wana aina nyingine. Mraba wao wa siku za kawaida una visanduku 15 kwa 15. Weusi wake umepangwa hivi kwamba ukiugeuza juu chini sura inabaki ileile. Neno lisipungue herufi tatu, na kila herufi isomwe mara mbili, ndani ya neno linalokwenda kulia na ndani ya neno linaloshuka. Hakuna herufi inayokaa peke yake. Mraba wa namna hiyo, uliosongamana, ndio ninaoutaka kwa Kiswahili.

Tulipokuwa tunavuka daraja la Wami nilikuwa nimepiga hesabu upya na kuishia palepale. Maneno yetu huishia na irabu. Ukitoa machache ya mkopo, hayakubali mwisho mwingine. Sasa tazama mstari wa chini kabisa wa mraba uliosongamana: kila kisanduku chake ni mwisho wa neno lililoshuka kutoka juu, kwa hiyo kila kisanduku ni irabu. Safu ya mwisho upande wa kulia nayo ni hivyo hivyo. Ni neno gani la irabu tupu litakaa pale? Ninalo "aua". Ninalo "eua", yaani kutakasa. Nina "aoe" na "uoe". Baada ya hapo nimekauka, na visanduku kumi vinanitazama.

Mkata, Segera. Muheza nimenunua machungwa dirishani, mfuko mzima, kwa ajili ya Mama, mke wa Mwalimu. Tumeingia stendi ya Kange saa saba mchana na jua limekaa utosini. Bajaji imenishusha mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu. Sauti hiyo naijua."

Nilimshika mkono, "Shikamoo Mwalimu," naye akaitika marahaba bila kuuachia. Alinipapasa kiganja kama anayesoma. Presha ya macho imemwachia mwanga na vivuli tu. Gazeti analojaza sasa ni lile analosomewa, na wasomaji wa nyumbani kwake ni wajukuu wanaotoroka wakifika kidokezo cha tano.

Usiku, baada ya wali wa nazi na samaki, alisema kile alichokuwa akiniambia kila nilipompigia simu: "Haya, habari za watunzi wenzako?"

Nikampa kubwa kwanza. Will Shortz, mhariri wa mafumbo wa gazeti la New York Times tangu 1993, alipatwa na kiharusi Februari 2024. Kiti chake kikashikwa kwa muda na Joel Fagliano, mtunzi mwenzake kijana. Gazeti halikukosa fumbo hata siku moja. Mwalimu hakuuliza juu ya fumbo.

"Amerudi?"

"Amerudi, Mwalimu. Anahariri tena."

"Alhamdulillahi," akasema, akabaki kimya muda mrefu, kama vile mtu huyo ni wa mtaa wa pili.

Ijumaa

Leo nitaandika mengi.

Baada ya swala ya alfajiri Mwalimu hukaa kibarazani na kahawa chungu na kipande cha kashata. Nilikaa kwenye mkeka nikafungua daftari. Akasema nimsomee.

"Moja kulia. Hutoa nyuzi wala si buibui. Herufi sita."

Akaanza kukunja vidole, akavikunjua, akaanza tena. Nikaona uso wake umejikunja. Mtu huyu alikuwa akijaza ukurasa mzima wakati wa mapumziko ya chai pale shuleni.

"Mwanangu," akasema, "herufi ni za macho. Macho yangu yameshakwenda. Nipe mizani."

"Mizani tatu."

"M-ko-nge," akasema kabla sijafunga mdomo. "Ningesema katani, nayo ni mizani tatu, lakini katani ndiyo nyuzi zenyewe. Umesema hutoa."

Nilimsomea kumi na vinne kwa namna ile, mizani mbili, mizani nne, mizani tatu. Alikosa kimoja. Nilipoinama kuandika jibu la mwisho, penseli ikakataa kutembea, kwa sababu nilikuwa naliona daftari langu upya. Mshairi wa Kiswahili hahesabu herufi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane hapa na nane pale, na mtoto wa shule huzihesabu kwa vidole bila kujua kama neno lina herufi tano au kumi. Sikio letu linakata neno kwa silabi. Mimi nilikuwa nalikata kwa herufi kwa sababu mraba niliouiga ulichorwa na watu ambao maneno yao yanakatika hivyo.

Tia silabi moja katika kila kisanduku. Mstari wa chini hauhitaji tena kuwa irabu tupu. Unaweza kuishia "ri", unaweza kuishia "bu", "nge", "shwa", chochote. Tatizo la wiki sita halikutatuliwa, limetoweka.

Nilifuta kurasa mbili nzima. Mwalimu alipotoka msikitini adhuhuri nilikuwa na hiki cha kumsomea, kisanduku kwa kisanduku:

ba – ha – ri
ha – ra – ka
ri – ka – bu

Kulia ni bahari, haraka, rikabu. Kushuka ni bahari, haraka, rikabu. Rikabu ni kile kikanyagio cha mpanda farasi. Herufi kumi na nane zimekaa katika visanduku tisa na hakuna hata silabi moja iliyo peke yake. Nimewahi kujaribu kupata kitu kama hiki kwa herufi mara nyingi nisizoweza kuzitaja. Hiki kilinichukua muda wa sufuria moja ya maharage kuiva.

Mama alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Akatoka na mwiko mkononi.

"Hayo yenu si kinyume tu?"

Kinyume, kwa msiokua pwani, ni ile lugha ya kuficha siri: silabi ya mwisho inatangulizwa mbele. Kitabu kinakuwa bukita, nyumba inakuwa mbanyu. Mama anasema walipokuwa wasichana waliweza kusema kinyume kutoka bombani mpaka nyumbani na wavulana waliokuwa nyuma yao wasiambulie neno. Hakuna aliyewafundisha silabi ni nini. Ulimi ulijua pa kukata.

"Basi niambie," akasema, "Tanga kwa kinyume ni nini?"

Nikageuza. Nga-ta. Ngata! Kile kitambaa kinachoviringwa na kuwekwa kichwani chini ya ndoo.

Nimeandika kidokezo papo hapo, na nasema bila kusita kwamba ndicho bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na nusu yake ni ya Mama: "Tanga likipinduka hukaa kichwani. Mizani mbili." Anayewaza mji atapotea, anayewaza chombo cha baharini atapotea pia, na tanga la jahazi likipinduka kweli huwafunika watu vichwa. Waingereza ni mabingwa wa vidokezo vya namna hii, vyenye sura moja nje na nyingine ndani, ila wao huvuruga herufi. Sisi tuna kinyume. Mali ukiipindua unapata lima. Pika ukiipindua unapata kapi. Nina ukurasa mzima tayari.

Jioni nikawapa historia inayofanana na hilo. Fumbo la kwanza la chemshabongo lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World. Lilitoka tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Aliliita Word-Cross, "neno" likitangulia. Wiki chache baadaye, kwa kosa la uchapaji, jina likatoka Cross-Word, na likabaki hivyo hadi leo.

"Kinyume," akasema Mama, kisha akarudi jikoni.

Usiku, chini ya chandarua, nimesoma kwenye simu kuhusu Wajapani. Nao huandika alama moja ya kana kwa kila kisanduku, na kana ni silabi. Kanuni zao si za Marekani: visanduku vyeusi visigusane ubavu, na ulinganifu wa sura haulazimishwi. Kwa hiyo wapo watu waliopita njia hii kabla yetu. Nimefurahi kwamba nimelipata kibarazani kabla sijalipata kwenye simu.

Jumamosi

Asubuhi nimeazima baiskeli ya mjukuu. Anayetaka kujua kwa nini Tanga ni mji wa baiskeli apite Ngamiani mapema: njia zimenyooka, hakuna mlima, na watu hupeana nafasi. Barabara zake zina namba badala ya majina, Barabara ya 4, ya 8, ya 12, zote zimepangwa sambamba na kukatwa na njia za mkato. Nikiwa mtoto niliona ni mji usio na majina. Leo nimeona visanduku. Muuza maji ananiambia duka la vipuri liko "ya nane ukikata kulia", na hapo nimesimama kidogo na mguu mmoja chini.

Nimeteremka hadi Raskazone, nikakaa nusu saa nikitazama meli mbili na Kisiwa cha Toteni, nikarudi kabla ya jua kali. Hakuna la zaidi.

Kazi ya leo ilikuwa vidokezo, na hapa Mwalimu alinisahihisha kwa ukali wa darasani. Nilimsomea: "Kinakata nyama jikoni. Mizani mbili."

"Umeshanipa nusu ya jibu," akasema. "Ki-nakata. Basi ni ki-kitu. Kisu. Hapo umetega nini?"

Ni kweli, na ni aibu kwamba nimetunga miaka tisa bila kuliona. Upatanisho wa kisarufi unatoboa siri. Ukisema "kinakata" umefichua ngeli, na ngeli mara nyingi ndiyo silabi ya kwanza. Ukisema "unazaa maembe" umekwisha kuandika "m" kwenye kisanduku cha kwanza. Mwingereza hana mtego huu, na hana kinga yake.

Kinga iko kwenye hu-. Hukata. Huzaa. Hubebwa. Kiambishi hu- cha mazoea hakichukui kiambishi cha nafsi wala cha ngeli, ni pazia. Ndiyo maana, alisema Mwalimu, sikio likizoea vitendawili linasikia hu- nyingi. Wazee walikuwa wanafunga mlango.

Kisha akanifundisha njia ya pili ambayo ni kinyume cha ya kwanza: uuache upatanisho wazi kusudi, lakini uwe miwili. "Yupo porini, lipo juu ya nyumba. Mizani mbili." Paa, mnyama, na paa la nyumba. Hapo ngeli zenyewe ndizo zinazotega. Nimelipigia mstari mara mbili daftarini.

Baada ya chakula cha usiku kulikuwa na wageni wawili, jirani fundi cherehani na kijana wa bodaboda anayemletea Mwalimu dawa. Nikawasimulia fumbo la New York Times la tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Mtunzi, Jeremiah Farrell, aliweka katikati kidokezo kuhusu habari kuu ya gazeti la kesho. Jibu lilikuwa jina la mshindi, na uchaguzi ulikuwa haujaisha. Aliyeandika CLINTON alikuwa sahihi. Aliyeandika BOBDOLE, yaani Bob Dole, mpinzani wake, alikuwa sahihi pia. Majina yote yana herufi saba, na kila neno lililoshuka kupitia hapo lilikubali herufi zote mbili kwa kidokezo kilekile: mnyama mweusi wa sikukuu yao ya mizimu akawa paka (CAT) kwa aliyeandika C na popo (BAT) kwa aliyeandika B. Watu walipiga simu gazetini wakidai mhariri amempendelea mgombea.

Yule kijana wa bodaboda aliweka kikombe chini. "Simba na Yanga," akasema. "Si-mba, Ya-nga. Mizani mbili kwa mbili."

Tulinyamaza wote. Amesema kweli. Siku ya mechi ya watani, kidokezo kiwe "Washindi wa leo", na gazeti litoke asubuhi. Kisanduku cha pili kitabeba "mba" au "nga", na neno linaloshuka nimeshalipata: "Hufungwa kiunoni", ni kamba na ni kanga. Kisanduku cha kwanza, cha "si" au "ya", bado kinanisumbua. Nina "kasi" na "kaya", nina "basi" na "baya", nina "asi" na "aya", na hakuna kidokezo kimoja kinachozibeba mbili kwa haki. Nimelala saa saba usiku nikiwa nalo mdomoni.

Jumapili

Nilinunua karatasi ya manila dukani, nikachora mraba wa visanduku saba kwa saba kwa kalamu nene, tukaubandika kwenye ukuta wa baraza baada ya swala ya alasiri. Walikuja watu kumi na wawili, kisha nikaacha kuhesabu. Bao lilisimamishwa kwa heshima ya jambo hili, na anayewajua wacheza bao wa mtaa ule ataelewa uzito wake.

Kabla ya kuanza niliwaeleza wanavyofanya wenzetu. Yapo mashindano makubwa Marekani, aliyaanzisha Will Shortz mwaka 1978 huko Stamford, Connecticut. Mamia ya watu hukaa ukumbini wakijaza mafumbo saba kwa saa na kwa usahihi. Watatu bora husimama jukwaani mbele ya mabango makubwa, wamezibwa masikio kwa vifaa wasisikie mtangazaji, na ukumbi unawatazama wakiandika. Dan Feyer amechukua ubingwa mara tisa. Mwaka 2024, na tena 2025, umechukuliwa na kijana Paolo Pasco, ambaye ni mtunzi pia. Hilo la mwisho liliwafurahisha wazee: anayetega na kutegua ni mtu mmoja.

Bango letu halikuwa na saa. Nilisoma kidokezo, nikataja mizani, na aliyejua akasema "Tegua!" akaenda kuandika. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake cha ukambaa na alikuwa sawa na kila mtu pale. Hakuna aliyehitaji kuona ili kuhesabu.

"Waliuma pande zote mbili za vita, Tanga, 1914. Mizani mbili." Watatu walisema nyuki kwa pamoja. Mapigano yale ya Novemba, Waingereza na askari wao wa Kihindi wakitaka kuutwaa mji kwa Wajerumani, hapa hukumbukwa kwa nyuki kuliko kwa majenerali.

Kisha tukakwama. Kidokezo kilikuwa cha daktari, nami nilikuwa nimekipa visanduku vitatu. Fundi cherehani alisimama akasema ni vinne: da-ki-ta-ri, ndivyo bibi yake alivyotamka. Mzee mmoja akasema ni vitatu lakini viandikwe da-kta-ri. Mwingine akaleta askari, mwingine akaleta labda, na kwa dakika ishirini hakuna kisanduku kilichojazwa. Sijawahi kuona watu wakigombania silabi kwa moyo namna ile. Maneno yale ya mkopo yamebeba konsonanti mbili zilizoshikana na ulimi wetu una njia zaidi ya moja ya kuzilainisha. Mshairi anayepungukiwa mizani atasema dakitari na hakuna atakayemlaumu.

Mwalimu akasema tupige makofi. Kila mtu atamke neno kwa kawaida yake ya sokoni, asiliremba, na kofi moja kwa kila pigo. Dak-ta-ri. Makofi matatu, hata fundi cherehani. Tukaandika "dak" kwenye kisanduku kimoja. Hiyo ndiyo kanuni ninayoichukua: kofi moja, kisanduku kimoja.

Makofi yalitatua na jingine ambalo nilikuwa sijalifikiria. Mbuzi ni makofi mawili, mbu-zi. Mbwa je? Mtoto mmoja alipiga moja, wakubwa wakapiga mawili: m-bwa. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika mbwa unakaa juu ya "m" yenyewe, kwa hiyo "m" hiyo ni silabi kamili. M-tu, n-chi, n-ne, hivyohivyo. Katika mbuzi "m" imejibana ndani ya "bu" kwa kuwa neno tayari lina silabi mbili. Mtungaji asiyejua hili atawakosesha watu kisanduku kila wiki.

Wakati wa kahawa kijana mmoja aliyerudi kutoka chuoni akauliza kama kompyuta haitatumaliza. Nikamwambia lililotokea. Programu iitwayo Dr. Fill, ya Matt Ginsberg, ilishiriki mashindano yale kwa miaka, na mwaka 2021, yalipofanyika kwa mtandao, ikapata alama nyingi kuliko wanadamu wote. Ubingwa wa wanadamu ulikwenda kwa Tyler Hinman. Mashindano hayakufa, mwaka uliofuata watu walirudi ukumbini. Mimi naelewa kwa nini. Mashine ilijaza visanduku. Watu hawa wa Ngamiani wamekaa dakika ishirini kwenye neno moja na hakuna aliyetaka kuondoka.

Kidokezo cha mwisho kilikuwa cha Mama. "Tanga likipinduka hukaa kichwani." Wazee walizunguka kwenye majahazi, mmoja akaingia kwenye msiba na matanga. Aliyetegua ni binti wa jirani, darasa la sita, aliyekuwa anapita na ndoo. Alisimama, akasikiliza mara mbili, akagusa ngata yake kwa mkono usioshika ndoo, akacheka. Hakusema neno. Mama alipiga kigelegele kutoka dirishani.

Jumatatu

Basi ni la saa mbili. Tumeamka mapema, Mwalimu na mimi, na kwa kuwa ilikuwa asubuhi ya mwisho nilimpa habari niliyokuwa naiogopa.

John Galbraith Graham alikuwa kasisi wa Uingereza. Alitunga mafumbo ya gazeti la The Guardian tangu 1958, na baadaye akajulikana kwa jina la Araucaria. Januari 2013, akiwa na miaka 91, lilitoka fumbo lake lenye maelezo mafupi juu: Araucaria ana namba 18 ya namba 19, nayo inatibiwa kwa namba 13 na 15. Wasomaji wakakaa na penseli zao kama asubuhi nyingine yoyote. Kumi na nane ikawa saratani. Kumi na tisa ikawa umio. Kumi na tatu na kumi na tano zikawa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu pasipo kutarajia kupona. Walijua habari ya ugonjwa wake kwa kuiandika wao wenyewe, herufi kwa herufi. Alifariki Novemba mwaka huohuo.

Mwalimu aligeuza uso kuelekea mwanga wa mlangoni.

"Alitega mpaka mwisho," akasema.

Mama alinifungia mkate wa kumimina kwenye gazeti, juu yake kitambaa, akafunga fundo. Bajaji ilipokuja Mwalimu alinishika tena mkono vilevile kama siku ya kwanza, akasema nisiandike, nibebe tu kichwani: "Hufungwa na anayebaki, hufunguliwa na anayekwenda. Mizani nne."

Nilikisema kimoyomoyo kutoka Kange. Hu- mbili, pazia limefungwa, hakuna ngeli ya kushika. Mlango? Mizani tatu. Barua hufungwa na anayekwenda pia. Safari, rambirambi, kwaheri, nikapiga makofi kimya kwenye goti mpaka abiria wa pembeni akanitazama. Muheza ikapita. Nilikuwa na njaa, na mkate uko mapajani, lakini sikutaka kula kabla ya kutegua.

Segera basi liliposimama njaa ilinishinda. Nikafungua fundo la Mama, na vidole vikiwa bado kwenye kitambaa nikasimama. Nikampigia.

"Ma-su-ru-fu."

Nilimsikia akimwambia Mama kwa pembeni kwamba nimepata. Kisha akarudi kwenye simu.

"Uko wapi?"

"Segera, Mwalimu."

"Segera? Mama alisema utafungua Muheza."